Mama alipoacha ugali sukari ilishuka mpaka 2.6: kupunguza wanga huku kwetu Nyanda za Juu Kusini

Mwana wa Uyole (mleta uzi)

Wakubwa shikamoni, rika zangu habari za leo.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, nimeupokea mara nne mwezi huu: "Acha ugali siku 14, sukari inapona, tupa dawa." Nusu ya kwanza ya ujumbe huo ina ukweli kuliko watu wengi wanavyodhani. Nusu ya pili nusura inizikishe mama yangu. Nimeona niandike yote mawili, maana huku mtaani nakuta watu wa aina mbili tu: wanaosema ni upuuzi wa wazungu, na wanaotupa vidonge chooni.

Mama ana miaka 58, anauza ndizi na parachichi soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, tunaishi Uyole. Sukari ya kupanda aligundulika nayo mwaka 2019. Pale alipokuwa anahudhuria kliniki aliambiwa maneno yale yale kila mwezi: acha sukari kwenye chai, kula dona usile sembe. Akatii. Chai akanywa kavu, dona akasaga mwenyewe. Uzito ukabaki kilo 94, na kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kikasoma asilimia 9.8. Mgonjwa wa kisukari huhesabiwa kuanzia 6.5. Kila akirudi kliniki anaongezewa kidonge. Alifika mahali anameza metformini asubuhi na jioni, glibenklamidi, na vidonge viwili vya presha.

Kilichonifumbua macho ni mizani ya dukani. Jioni moja nilimwomba anipimie unga wa sahani yake peke yake, kama anavyopika siku zote, bila kupunguza kwa ajili yangu. Akachota, nikaweka kwenye mizani: gramu 210. Unga wa mahindi, uwe dona au sembe, karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga. Kwa hiyo sahani moja ya jioni ilikuwa na gramu zaidi ya 150 za wanga, na wanga huo wote tumboni unavunjwa kuwa glukosi, yaani sukari ile ile aliyoiacha kwenye chai. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Mama alikuwa ameacha vijiko sita kwa siku huku anakula sawa na vijiko zaidi ya thelathini na tano kwa mlo mmoja, na hakuna aliyemwambia. Nilikaa na ile mizani nikiwaza hiyo miaka yote.

Tukanunua mashine ya kupima sukari. Nikamwambia mama, tusimwamini mtu yeyote, tupime sahani zetu. Tulipima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula (mashine inasoma kwa mmol/L). Hizi ni za kwake yeye, mwili wako unaweza kusoma tofauti:

Ugali wa dona, kabichi na maharage kidogo: kutoka 7.8 hadi 15.4.
Ugali wa sembe, mboga ile ile: kutoka 7.6 hadi 15.9.
Ndizi za kupika na nyama: kutoka 8.0 hadi 13.7.
Usipa wa kukaanga, kabichi nyingi, parachichi nusu, ugali wa ukubwa wa yai: kutoka 7.9 hadi 9.4.

Angalieni mbili za kwanza. Dona ina nyuzinyuzi na virutubisho zaidi, sikatai, na ningependa watu waile kuliko sembe. Lakini kwa sukari ya mama tofauti haikufika hata 1. Kiasi cha unga ndicho kilichokuwa kinampandisha.

Sasa kosa langu. Baada ya kuona namba hizo nilipata hasira na furaha kwa pamoja, nikaamua kuanzia Jumatatu ugali hauingii ndani. Mama akakubali. Dawa akaendelea kumeza zote kama kawaida, maana nilidhani dawa zaidi pamoja na wanga kidogo ni heri juu ya heri. Alhamisi usiku, kama saa tisa, mdogo wangu akaja kunigonga: "Kaka, mama anaongea maneno hayaeleweki." Nikamkuta amekaa kitandani, gauni limelowa jasho kama amenyeshewa, na mwezi ule Uyole ni baridi ya blanketi mbili. Mikono inatetemeka. Ananiita kwa jina la mjomba aliyefariki. Nikampima: 2.6.

Tulikoroga sukari vijiko vinne kwenye maji, akanywa kwa shida, tukasubiri dakika kumi na tano, 3.4. Tukampa tena, 4.8. Tukampakia kwenye bajaji ya jirani.

Daktari wa zamu, namshukuru mpaka leo, hakunigombeza. Alinieleza taratibu. Metformini yenyewe hupunguza sukari inayomwagwa na ini, ni nadra kumshusha mtu namna ile. Glibenklamidi inalilazimisha kongosho kutoa insulini, umekula hujala, wanga upo haupo. Dozi ya mama ilipangwa kwa mwanamke anayekula gramu 210 za unga jioni. Mimi niliondoa unga nikaiacha dozi. Akasema, "Chakula ulichompa kizuri. Ila wanga ukipungua, dawa nayo lazima ipungue, na anayepunguza ni sisi siyo wewe."

Walisimamisha glibenklamidi, wakaacha metformini, wakapunguza kidonge kimoja cha presha baada ya wiki tatu kwa sababu presha nayo ilishuka. Leo ni miezi saba. Kilo 83. HbA1c 6.7. Hajapona, na simruhusu mtu aseme amepona mbele yake. Lakini anapanda kilima cha kutoka stendi bila kusimama, na usiku haamki kwenda msalani mara tano.

Niulizeni. Nitajibu ninachokijua.

---

Muuguzi Iringa

Hongera mkuu, na pole kwa usiku ule. Nafanya kazi wodini, wagonjwa wa namna ya mama yako nimewapokea wengi, na wengine hawakuwahi kupimwa nyumbani, ndugu walidhani ni malaria ya kichwani au wamerogwa.

Naomba niongeze kabla watu hawajakimbilia jikoni. Wanaochoma insulini na wanaomeza glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi: usibadilishe chakula kabla ya kuongea na kliniki. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, mgonjwa anaweza kupanda baada ya kunywa sukari halafu akashuka tena baada ya saa chache, ndiyo maana kumpeleka hospitali kulikuwa sahihi hata baada ya kufika 4.8. Na akiwa amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Kimbia naye.

Kuna dawa nyingine zimeingia siku hizi, dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kupitia mkojo. Hizo ukizichanganya na kufuta wanga kabisa unaweza kupata sumu ya asidi ya ketoni huku mashine ikisoma sukari ya kawaida tu, mtu anatapika na kuhema kwa nguvu na ndugu wanatulia kwa kuwa sukari iko vizuri. Hatari sana.

Wenye kisukari cha aina ya kwanza, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye figo mbovu, mambo yenu yapangwe na mtaalamu, msichukue ya kwenye uzi.

---

Mzee wa Mufindi

Kijana, nakuheshimu kwa kumtunza mama yako. Lakini hili la kuulaumu ugali silikubali. Babu yangu alikula ugali miaka tisini, akafa na meno yake. Hakuna aliyekuwa na sukari. Ninyi mnaletewa mambo ya Ulaya mnaacha chakula chenu.

---

Mwana wa Uyole

Mzee wangu shikamoo. Nakujibu kwa adabu, maana swali lako ndilo aliloniuliza mama mwenyewe.

Babu yako alilima kwa jembe la mkono toka alfajiri, akatembea Mufindi yote kwa miguu. Unga alioula jioni misuli ilishauteketeza kesho yake saa nne asubuhi. Mama yangu anakaa kwenye kigoda sokoni kwa muda wa saa kumi, anarudi na bajaji. Sahani ni ya babu, kazi siyo ya babu.

Na mahindi yenyewe, mzee, ni mgeni aliyezoeleka. Asili yake ni Amerika, Wareno ndio walioyaleta pwani zetu. Wazee wa zamani huku walikula ulezi, mtama, ndizi, maharage na mboga za porini kwa wingi. Mahindi yalishika nafasi kubwa karne iliyopita, na miaka ya 1970 na 1980 mbolea na mbegu za kisasa zilipofika ndipo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikawa mikoa minne inayolisha nchi. Najivunia hilo, shule nimesomeshwa kwa gunia. Siuchukii ugali. Nasema tu, mwili uliokwisha kushindwa kuutumia wanga usiendelee kumiminiwa.

Na siyo kitu kipya cha mitandaoni. Mwaka 1863 mtengeneza majeneza wa London, William Banting, alichapisha kijitabu kueleza alivyopungua kwa kuacha mkate, viazi, sukari na bia kwa ushauri wa daktari wake. Na kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921, kubana chakula, hasa wanga, ndiyo ilikuwa karibu tiba pekee ya kisukari waliyokuwa nayo madaktari. Insulini ilipokuja, tena ni baraka kubwa, sehemu hiyo ikasahaulika taratibu.

---

Dereva wa Tunduma

Mkuu mimi niko barabarani, kilo 112, sukari ya asubuhi 9 na kitu. Sijaanza dawa, nimeambiwa nirudi baada ya mwezi. Nikisimama Makambako ni wali, Igawa ni chipsi mayai, Mbeya ni ugali nyama. Soda mbili kwa siku za kuniweka macho. Naanzia wapi? Na hivi ushahidi upo kweli au ni mama yako tu?

---

Mwana wa Uyole

Kaka, anza na soda, leo hii. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, vijiko tisa. Mbili kwa siku ni vijiko kumi na nane vinavyoingia kwenye damu moja kwa moja, hakuna hata cha kutafuna. Kunywa maji, au chai kavu, tena chai ya kwetu Rungwe na Mufindi ndiyo hiyo hiyo inayosafirishwa nje.

Halafu pale Makambako mwambie mama ntilie: "Nipe nyama au samaki, mboga mara mbili, maharage, wali kijiko kimoja cha kupakulia." Atakushangaa mara ya kwanza, ya tatu atakupakulia kabla hujasema. Chipsi mayai, omba mayai matatu na kachumbari, chipsi waachie wengine. Parachichi huku barabarani zinauzwa kila kona. Zina wanga kidogo sana, na mafuta yake yanakukalisha mpaka Chimala bila kutafuta andazi.

Kuhusu ushahidi nakujibu kwa ukweli, pamoja na sehemu isiyonifurahisha. Mwaka 2021 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23 ya watu wenye kisukari cha aina ya pili waliokula wanga chini ya gramu 130 kwa siku. Miezi sita, waliopunguza wanga walikuwa wamerudi chini ya kiwango cha kisukari kwa wingi zaidi kuliko waliokula mlo mwingine. Mwaka mmoja, tofauti ilikuwa imepungua sana. Huenda watu walirudia mkate wao. Na kwa uzito peke yake, Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2018 kilitoa majibu ya watu 609: nusu walipunguza wanga, nusu mafuta, na baada ya mwaka walipungua karibu sawa, kilo 6 kwa 5.3.

Kwa hiyo hakuna uchawi ndani ya wanga. Kuna njia kadhaa za kufika. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza haukufuta wanga, uliwapa watu vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka asilimia 46 walikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Waliopungua kilo 15 na zaidi, asilimia 86. Maelezo ya profesa Roy Taylor, mmoja wa walioongoza utafiti huo, na wenzake ni kwamba mafuta yakijaa kwenye ini na kongosho, insulini inashindwa kazi. Yakitoka, kongosho la wengi linaamka, hasa kwa ambao ugonjwa haujakaa miaka mingi. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Nafasi yako ni kubwa kuliko ya mama. Tafadhali usiichelewe.

Mimi nimechagua kupunguza wanga kwa sababu mbili za hapa nyumbani: namba za mashine zilionyesha matokeo siku hiyo hiyo, na mama hashindi njaa. Aliyeshiba haibi andazi.

---

Mama wa Njombe

Asante mwanangu. Mimi nina maswali mawili. Nikitoa ugali, viazi na ndizi, Njombe tunakula nini? Na maharage ninayoyapenda nayo yana wanga, niache?

---

Mwana wa Uyole

Shikamoo mama. Maharage usiache. Kikombe kilichopikwa kina wanga kweli, lakini sehemu nzuri ni nyuzinyuzi, na unaobaki huingia kwenye damu polepole. Mama anakula karibu kila siku, ila ameyageuza: zamani ugali ulikuwa mlima na maharage mchuzi, sasa maharage na mboga ndiyo mlo, ugali ni wa kuonjea. Kande nazo anapika maharage mengi, mahindi machache.

Viazi, punguza. Viazi vinne vya kiasi vya kuchemsha ni karibu gramu 80 za wanga. Kimoja pembeni ya nyama hakina shida kwa wengi, pima uone. Njombe mna kabichi, figili, chainizi, maboga na majani yake, karanga, mayai, maziwa, kuku, samaki, na parachichi mnazopeleka mpaka Ulaya. Uyoga wa masika msiusahau. Kusema huku hatuna cha kula bila ugali ni mazoea tu, siyo shamba.

Mama alilia wiki ya pili, siwafichi. Siyo njaa. Alisema akikaa mezani bila kumega na kufinyanga tonge anajiona mgeni kwenye nyumba yake. Ndipo tukarudisha tonge la ukubwa wa yai, akatulia. Daktari alikubali. Mlo ambao mtu anaulilia hautafika Krismasi.

---

Mnyalukolo

Kamwene wote. Mimi nilifuta wanga kabisa miezi mitatu, nikala nyama ya nguruwe na siagi, jioni ulanzi (pombe ya mianzi). Nilipungua kilo 9 ila lehemu mbaya ikapanda sana, daktari kanishtua.

---

Muuguzi Iringa

Kamwene kaka. Hilo hutokea kwa baadhi ya watu wakibadilisha unga wote kwa mafuta ya wanyama, usilipuuze. Weka parachichi, karanga, samaki na maharage mahali pa siagi, kisha rudia kipimo. Na ulanzi: ule mtamu wa asubuhi una sukari, ule mkali wa jioni una kilevi. Kilevi hulizuia ini kutoa sukari, kwa hiyo anayechoma insulini au anayemeza glibenklamidi akinywa bila kula anaweza kushuka usingizini, na wenzake wakadhani amelewa tu.

---

Kijana wa Makete

Wakuu nimesoma yote. Baba anachoma insulini asubuhi na jioni, HbA1c 10.4, kilo 97. Nimeshamwambia mama kuanzia kesho asipike ugali wala viazi. Kliniki yake ni wiki mbili zijazo. Naomba ratiba ya mlo ya mama yako mkuu, nianze nayo.

---

Mwana wa Uyole

Mdogo wangu, ratiba sikupi leo. Mrudie mama sasa hivi umwambie apike kesho kama kawaida na baba achome dozi yake kama kawaida.

Usisubiri wiki mbili. Kesho asubuhi nenda mwenyewe kliniki na daftari lake, waambie hivi: "Tunataka kumpunguzia baba wanga, tunaomba mtuambie insulini ishuke kiasi gani na tumpime mara ngapi." Wakikwambia hawana muda, omba daktari mwingine, kaa kwenye benchi mpaka akuone. Hakikisha una mashine na stripu za kutosha, na sukari iwe kwenye kikombe kando ya kitanda chake, mama yako ajue ilipo gizani.

Wakishapanga dozi, rudi hapa au niandikie pembeni. Nitakuandikia mama alichokula siku kwa siku, na namba zake zote, pamoja na ile ya 2.6.